Shahada au Uzoefu wa Kazi: Kipi Kina Uzito Zaidi Katika Kupata Ajira?

Swali hili huulizwa na watu watatu walio katika hali tofauti kabisa. Wa kwanza amemaliza sekondari, na mkononi ana nafasi ya chuo kikuu pamoja na nafasi ya kazi, naye hawezi kuzichukua zote mbili. Wa pili amekwisha kuhitimu, lakini kila tangazo analolisoma linadai miaka mitatu ya uzoefu ambayo haoni ataipata wapi. Wa tatu amefanya kazi miaka kumi, anaijua kuliko msimamizi wake, na sasa cheo kinachofuata kimewekewa sharti la shahada. Anayewajibu wote watatu kwa sentensi moja, iwe ni "soma kwanza" au "vyeti havina maana siku hizi", hajawasikiliza.

Kwa shahada ninakusudia shahada ya kwanza iliyotolewa na chuo kikuu kinachotambuliwa na mamlaka za nchi yake. Kwa uzoefu ninakusudia kazi halisi iliyofanywa kwa muda, yenye majukumu ambayo mtu mwingine anaweza kuyathibitisha, iwe ni kazi ya mshahara, ya mkataba, ya kujitegemea au ya uanagenzi. Kuwapo ofisini tu hakuingii katika maana hiyo, kama ambavyo kujiandikisha chuoni bila kuhitimu hakuingii katika ile ya kwanza.

Vigezo vya kupimia

Vigezo ni vitano, na nimevipanga kwa kufuata njia ambayo ombi la kazi hupitia. Cha kwanza ni sheria: je, asiye na shahada anaruhusiwa kuifanya kazi hiyo? Cha pili ni mchujo wa karatasi, hatua ambayo mwombaji hajaonana na yeyote na jina lake ni moja katika rundo la maombi. Cha tatu ni usaili, ambapo jopo linataka kujua kama mtu huyu ataiweza kazi. Cha nne ni gharama na muda wa kukipata kila kimoja. Cha tano ni kudumu, yaani thamani hiyo itakuwaje baada ya miaka mingi, au mtu akihamia sekta nyingine au nchi nyingine. Mshahara sikuufanya kigezo kinachojitegemea, kwa sababu tunachokitafuta hapa ni kuajiriwa. Utatajwa tu pale unapotuonyesha waajiri wanathamini nini.

Sheria ya kazi husika

Kwa upande wa shahada, kigezo hiki ni cha kuanza nacho kwa sababu kinaweza kuumaliza mjadala wote. Udaktari, ufamasia, uwakili na uhandisi wa kusajiliwa ni taaluma ambazo katika nchi nyingi mtu hawezi kuziingia bila masomo yanayotambuliwa na bodi husika. Miaka ishirini ya kumsaidia daktari haimfanyi mtu kuwa daktari, hata kama mikono yake imekuwa mahiri. Tofauti zipo, ila ni chache: majimbo ya California na Virginia nchini Marekani, kwa mfano, yanamruhusu mtu kujiandaa kwa mtihani wa uwakili kwa kusoma ndani ya ofisi ya mwanasheria chini ya usimamizi rasmi, bila kupitia chuo cha sheria.

Kwa upande wa uzoefu, mara nyingi husahaulika kwamba sheria zilezile zinazodai shahada haziridhiki nayo peke yake. Daktari mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kupewa leseni kamili, na mhandisi huhesabiwa miaka ya kazi kabla ya kusajiliwa. Zipo pia taaluma ambamo uzoefu ndio sharti kuu. Nchini Marekani, tangu mwaka 2013, rubani wa ndege za abiria za mashirika anatakiwa kuwa na saa 1,500 za kuruka. Lakini aliyehitimu shahada ya kwanza ya urubani katika chuo kilichoidhinishwa anaweza kupata leseni yenye mipaka fulani akiwa na saa 1,000. Sheria hiyo, kwa maneno mengine, imetamka wazi kwamba shahada ya aina hiyo ni sawa na saa 500 angani. Ni nadra kupata mahali ambapo viwili hivi vimewekewa bei ya kubadilishana kwa uwazi namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kusoma mbele, msomaji aitafute sheria au kanuni ya bodi inayosimamia kazi anayoitaka. Ikiwa shahada ni sharti, anachobaki kujiuliza ni namna ya kuipata tu. Kazi nyingi, hata hivyo, hazina sharti la aina hiyo, na vigezo vinavyofuata vinazihusu hizo.

Mchujo wa karatasi

Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence alieleza kwa nini shahada humsaidia mtu hata pale ambapo alichokisoma hakihusiani na kazi. Mwajiri hawezi kuuona uwezo wa mwombaji asiyemfahamu. Anachokiona ni alama. Shahada ni alama nzuri kwa sababu kuipata ni kugumu zaidi kwa asiye na bidii wala uwezo, hivyo kuwa nayo kunamweleza mwajiri jambo fulani juu ya mwenye nayo. Spence alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz kwa kazi zao kuhusu masoko ambayo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine. Afisa rasilimali watu mwenye maombi mia tano na siku mbili za kuyapitia huenda hajawahi kumsikia Spence, lakini anafanya alichokieleza: anaondoa wasio na shahada, au anaiachia programu ya kompyuta iwaondoe, kisha anaanza kusoma.

Alama hiyo inaweza kutumika kupita kiasi. Ripoti iliyotolewa mwaka 2017 na Harvard Business School, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na washirika wake ilionyesha kwamba mwaka 2015, katika matangazo ya kazi ya wasimamizi wa uzalishaji viwandani nchini Marekani, asilimia 67 yalidai shahada, ilhali ni asilimia 16 tu ya watu waliokuwa wakiifanya kazi hiyo ndio waliokuwa nayo. Yaani wengi wa waliokuwa wakiusimamia uzalishaji huo kila siku wasingeitwa hata kwenye usaili wa kazi yao wenyewe.

Tangu wakati huo waajiri wengi wametangaza kuliondoa sharti hilo. Jimbo la Maryland lilifanya hivyo Machi 2022 kwa maelfu ya nafasi za serikali yake, na kampuni nyingi kubwa zikatoa ahadi za namna hiyo. Hapa msomaji asiye na shahada anapaswa kuwa makini. Utafiti wa Harvard Business School na Burning Glass Institute, taasisi inayochunguza soko la ajira, uliotolewa mwaka 2024, ulikuta kwamba mabadiliko hayo yalikuwa yamewafungulia mlango wafanyakazi wasiozidi mmoja katika kila 700 walioajiriwa. Tangazo linaweza kuandikwa upya kwa siku moja. Mazoea ya mkuu wa idara anayechagua majina hayabadiliki kwa kasi hiyo. Mtu asiyapange maisha yake kwa kutegemea kwamba shahada imekwisha kupitwa na wakati.

Uzoefu nao una alama zake kwenye karatasi: jina la cheo, jina la mwajiri, idadi ya miaka. Alama hizi huchuja watu kwa ukali uleule, na aliyehitimu juzi anaujua mzunguko huo vizuri, kwani anadaiwa uzoefu ili apate kazi, na uzoefu wenyewe unapatikana kazini. Udhaifu wa uzoefu katika hatua hii ni kwamba hauna umbo moja. Shahada ya uhasibu inasomeka kwa sekunde moja, lakini "miaka minne katika kampuni ya familia, nikishughulikia vitabu vya hesabu, wateja na ghala" inahitaji msomaji mwenye subira, naye katika hatua ya mchujo hayupo.

Hata hivyo uzoefu una njia ya kuupita mchujo kando, nayo ni watu. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji wataalamu, mafundi na mameneja katika mji mmoja wa jimbo la Massachusetts, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1974 zaidi ya nusu yao walikuwa wamepata kazi kupitia mtu waliyemfahamu, mara nyingi mtu wanayeonana naye kwa nadra na aliyetokana na kazi za nyuma. Chuo nacho hutoa marafiki, lakini wanafunzi waliohitimu pamoja huwa wanatafuta kazi pamoja. Mfanyakazi mwenzako wa zamani ambaye sasa yuko kampuni nyingine amekuona ukifanya kazi, na neno lake huweza kulitoa ombi lako kwenye rundo.

Mbele ya jopo la usaili

Hapa ndipo imani za pande zote mbili zinapoyumba. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakapima kila njia inabashiri kwa kiasi gani utendaji wa mtu atakapokuwa kazini. Katika kipimo chao, 0 maana yake ni kutobashiri chochote na 1 ni kubashiri bila kosa. Idadi ya miaka ya masomo ilipata 0.10. Idadi ya miaka ya uzoefu ilipata 0.18. Jaribio la kazi yenyewe, yaani kumpa mwombaji kipande cha kazi akifanye, lilipata 0.54, na usaili ulioandaliwa kwa maswali yaleyale kwa waombaji wote ulipata 0.51. Watafiti waliorudia mahesabu hayo mwaka 2022 walishusha makadirio mengi, lakini usaili ulioandaliwa ulibaki juu, kwa 0.42. Mwaka 2019 mtafiti Chad Van Iddekinge na wenzake walichunguza hasa uzoefu ambao mtu huja nao kutoka kwa waajiri wa awali, wakaona kwamba kiasi cha uzoefu huo hakina uhusiano wa maana na utendaji wake katika kazi mpya.

Mwenye shahada asifurahi upesi, na mwenye uzoefu asikate tamaa. Takwimu hizi zinapima idadi ya miaka, na zinawapima watu waliokwisha kuajiriwa, kwa hiyo hazituambii kwamba asiyewahi kuigusa kazi ni sawa na aliyeifanya. Zinachotuambia ni kwamba miaka ni kipimo kibovu cha kilichojifunzwa ndani yake. Mtu anaweza kukaa kazini miaka minane na akarudia mwaka wa kwanza mara nane. Mwingine amefanya miezi kumi na minane katika kampuni changa ambako alilazimika kushika kila kitu, na amejifunza zaidi. Hali kadhalika wahitimu wawili wa darasa moja, wenye shahada zinazofanana mpaka muhuri, wanaweza kuwa mmoja ameandika utafiti wake mwenyewe na mwingine amenunua ulioandikwa na mtu mwingine. Mwajiri anayejua kazi yake anajua hayo yote, ndiyo maana anauliza maswali.

Kwa mwenye shahada, basi, usaili unadai aonyeshe kitu alichokifanya. Mradi wa mwaka wa mwisho, mafunzo kwa vitendo, programu aliyoiandika, uchambuzi wa takwimu aliouwasilisha mbele ya watu: hivi vina uzito kuliko orodha ya masomo na alama zake. Nguvu yake halisi mbele ya jopo ni uwezo wa kueleza kwa nini jambo hufanyika namna fulani, na hii huonekana hasa jopo linapomuuliza swali ambalo halina jibu la mazoea.

Mwenye uzoefu ana faida kubwa zaidi hapa, na mara nyingi huipoteza kwa uvivu wa kusimulia. Akisema "nilikuwa mtunza ghala kwa miaka minne", amerudia tu kilichoandikwa kwenye wasifu wake. Akisema kwamba alipoingia, vitabu na bidhaa zilizokuwa rafuni vilikuwa havilingani, kwa hiyo akaanza kuhesabu kundi moja la bidhaa kila wiki badala ya kungoja hesabu ya mwisho wa mwaka, na kwamba baada ya miezi michache aliweza kujua ni zamu gani makosa yalikuwa yakitokea, jopo limeona akili yake ikifanya kazi. Hakuna chuo kinachoweza kumpa mtu simulizi hiyo. Nionavyo mimi, wengi wa wanaolalamika kwamba uzoefu wao haukuthaminiwa hawakuuleta mezani. Walileta idadi ya miaka.

Gharama na muda

Gharama ya shahada inayoonekana ni ada. Isiyoonekana, na ambayo aghalabu huwa kubwa zaidi, ni mshahara ambao mtu angeupata katika miaka mitatu, minne au mitano ya masomo. Anayelinganisha shahada na kazi lazima aziweke zote mbili kwenye hesabu, na pia aongeze hatari ya kutomaliza. Wanauchumi Thomas Hungerford na Gary Solon walionyesha mwaka 1987, kwa takwimu za Marekani, kwamba mapato hupanda kwa kiwango kikubwa zaidi katika miaka ambayo cheti hutolewa kuliko katika miaka ya katikati. Kwa lugha ya kawaida, aliyeacha masomo akiwa amebakiza mwaka mmoja hapati sehemu ya faida inayolingana na miaka aliyosoma. Hili ni muhimu kwa mtu ambaye ana mashaka kama ataweza kulipa ada hadi mwisho.

Uzoefu hulipa tangu mwezi wa kwanza, na kwa sababu hiyo huonekana kama hauna gharama. Unazo. Mshahara wa mwanzo huwa mdogo, na nafasi nyingi za kujifunzia hazina malipo kabisa, jambo linalowafungia nje wale ambao hawana mtu wa kuwalipia nauli na chakula wakati wakijitolea. Gharama ya pili ni ile ya kazi isiyofundisha. Mtu anaweza kuchukua kazi ya muda ili "apate uzoefu", akajikuta miaka mitano baadaye anaifanya ileile, kwa mshahara uleule, bila jambo jipya la kusimulia.

Kudumu na kuhamishika

Cheti cha shahada hakina tarehe ya kuisha, na hicho ni kitu kikubwa. Kampuni ikifungwa, msimamizi akistaafu, chuo bado kinaweza kuthibitisha kwamba ulihitimu. Kilichomo ndani ya shahada, hata hivyo, huzeeka, na huzeeka kwa kasi isiyolingana. Wanauchumi David Deming na Kadeem Noray walionyesha mwaka 2020 kwamba faida ya kimshahara waliyo nayo wahitimu wa uhandisi na kompyuta huwa kubwa zaidi wanapoanza kazi, kisha hupungua katika mwongo wa kwanza kadiri ujuzi unaohitajika unavyobadilika. Fani za msingi kama hisabati au uandishi hazina mwanzo mkali hivyo, lakini hazipitwi upesi na mabadiliko hayo.

Uzoefu nao hupanda haraka kisha hulegea. Jacob Mincer, ambaye mlinganyo wake wa mwaka 1974 bado hutumiwa na wanauchumi wa kazi, aliona kwamba kila mwaka wa uzoefu huongeza mapato, lakini nyongeza hupungua kadiri miaka inavyoongezeka. Tofauti kati ya mwaka 0 na mwaka wa 3 ni kubwa; ile ya kati ya mwaka wa 17 na wa 20 ni ndogo. Kabla yake, Gary Becker alikuwa ametofautisha ujuzi unaotumika popote na ule unaotumika kwa mwajiri mmoja tu. Anayejua taratibu, mitambo na watu wa kampuni moja kwa undani ni wa thamani sana ndani ya kampuni hiyo, na sehemu ya thamani hiyo hubaki nyuma anapotoka.

Kwa anayetaka kuvuka mipaka, mifumo ya uhamiaji inatoa picha ya wazi. Katika mpango wa shirikisho wa Kanada wa wafanyakazi wenye ujuzi, elimu inaweza kumpa mwombaji hadi alama 25 kati ya 100, ambapo shahada ya kwanza ina 21, wakati uzoefu unaanzia alama 9 kwa mwaka mmoja na kuishia 15 kwa miaka sita au zaidi. Kwa H-1B, viza ya Marekani ya kazi za kitaalamu, inayodai shahada au kitu kinacholingana nayo, miaka mitatu ya kazi ya kitaalamu inaweza kuhesabiwa badala ya mwaka mmoja wa chuo. Asiye na shahada kabisa angehitaji basi miaka kumi na miwili ya kazi iliyothibitishwa ili alingane na aliyesoma miaka minne. Mtu anayeota kufanya kazi nje asilidharau jambo hili.

Jambo moja la vitendo kwa wenye uzoefu: kila unapoondoka mahali pa kazi, omba barua yenye tarehe, cheo na maelezo ya majukumu, si ile ya mistari miwili ya kukutakia heri. Miaka mingi ya kazi hupotea kwenye maombi kwa kukosa ukurasa mmoja wa uthibitisho.

Kupanda cheo

Hiki si kimoja cha vigezo vitano, lakini kinamhusu yule mtu wa tatu wa mwanzoni, na maneno yake ni machache. Katika mashirika yenye muundo wa madaraja, hasa ya umma, shahada huweka dari: asiye nayo hupanda mpaka mahali fulani na kusimama. Katika biashara ndogo, mauzo, ubunifu na kazi za ufundi, dari hiyo mara nyingi haipo au inaweza kuvukwa kwa matokeo. Uzoefu ndio unaompandisha mtu katika mazingira yote mawili. Shahada huamua tu ni wapi atazuiwa.

Kila kimoja kinamfaa nani

Shahada inamfaa anayetaka taaluma yenye bodi ya usajili, anayelenga utumishi wa umma au taasisi kubwa, anayetarajia kuhama nchi, na asiyekuwa na watu wa kumwingiza mahali popote, kwa kuwa kwake cheti hutangulia pale ambapo mwingine hutanguliwa na mjomba. Inamfaa pia mwenye uhakika wa kumaliza. Haimfai sana anayekwenda chuoni kwa sababu tu hajui la kufanya, hasa ikiwa ada ni ya mkopo.

Uzoefu unamfaa anayeingia katika fani ambamo kazi yenyewe huonekana na kupimika, kama vile uandishi wa programu, usanifu wa picha, ufundi, mauzo, upishi au usimamizi wa biashara ndogo. Unamfaa aliyepata mwajiri anayefundisha kweli, na mwenye mahitaji ya nyumbani yasiyoweza kusubiri miaka minne. Haumfai anayeichukua kazi ya kwanza iliyojitokeza bila kujali kama ina kitu cha kumfunza.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, nayo haisemwi vya kutosha. Ujerumani imeisimamia kwa sheria tangu mwaka 1969: mwanagenzi hufanya kazi kwa mwajiri na kusoma katika chuo cha ufundi kwa wakati mmoja, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu, huku akilipwa, na hutoka na cheti kinachotambuliwa pamoja na uzoefu. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2002, inamruhusu mtu kupata cheti rasmi, ikiwemo shahada, kwa kuthibitisha mbele ya jopo yale aliyojifunza kazini. Nchi nyingine nyingi zina taratibu za kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na pia masomo ya jioni na ya masafa. Aliyezoea kuuona uchaguzi huu kama njia panda aulizie kwanza kama nchi yake ina mojawapo ya hizi.

Ushauri kwa kila hali

Umemaliza sekondari, una nafasi zote mbili, na fani unayoitaka ina sharti la kisheria: nenda chuoni. Ikiwa haina sharti hilo, mwulize mwajiri atakufundisha nini katika mwaka wa kwanza na walioanza katika nafasi hiyo wako wapi sasa. Akijibu kwa mambo mahususi, na chuo kikikubali kuahirisha nafasi yako kwa mwaka, kazi inaweza kutangulia. Akijibu kwa maneno ya jumla, chuo ni salama zaidi.

Uko chuoni sasa: usingoje kuhitimu. Likizo mbili za kazi inayohusiana na fani yako zitakusaidia kwenye mchujo kuliko kupandisha wastani wa alama kidogo, ilimradi wastani huo haujashuka chini ya kiwango ambacho waajiri wa fani yako hukidai.

Una shahada na huna uzoefu: acha kuomba nafasi zenye sharti la miaka mitano. Tafuta zile zinazodai mwaka mmoja au miwili na uombe hata kama hujautimiza, ukiambatanisha kazi uliyoifanya chuoni. Kazi ndogo iliyo ndani ya sekta unayoilenga ina faida kuliko yenye mshahara mkubwa kidogo iliyo nje yake, kwa sababu itakupa watu wanaoijua sekta hiyo.

Una uzoefu wa miaka mingi na umezuiwa na dari ya shahada: kabla ya kuacha kazi kwenda kusoma, ulizia mambo matatu. Je, mwajiri anachangia ada? Je, kuna chuo kinachoutambua uzoefu wako na kukupunguzia muda wa masomo? Je, cheo unachokitaka kinadai shahada ya fani mahususi, au yoyote? Majibu ya maswali hayo yanaweza kupunguza gharama kwa nusu, au kukuonyesha kwamba ni rahisi zaidi kuhamia kwa mwajiri asiye na dari hiyo.

Uliacha chuo ukiwa umebakiza mwaka mmoja au chini yake: katika hali zote zilizotajwa hapa, yako ndiyo ambayo shahada ina faida kubwa kwa gharama ndogo. Andikia ofisi ya usajili ya chuo chako uulize kama masomo uliyofaulu bado yanahesabiwa, kwani vyuo vingi huweka ukomo wa miaka.

Huna shahada wala uzoefu, na huwezi kulipa ada kwa sasa: tafuta uanagenzi au mafunzo mafupi yenye mtihani unaotambuliwa, na wakati huohuo anza kutunza ushahidi wa kila kazi uliyoifanya, hata iliyokuwa ya kibarua: picha za kazi kabla na baada, tarehe, na namba ya simu ya aliyekupa kazi, kwa idhini yake, ili ukifika mbele ya jopo la kwanza uwe na kitu cha kuweka mezani.